Mifuko ya Komisa Zihindula

Mimi ni fundi Cishugi, cherehani yangu iko Kadutu,
unashuka kutoka sokoni, penye bati
lililobonyezwa na mvua ya mawe.
Sheria siijui. Najua mabega.

Miaka thelathini na moja nimempima mtu huyu.
Mara ya kwanza alikuja mwembamba kama sindano,
hana cheo, na khaki ya marehemu fulani
imemmeza hadi kwenye vidole.
Akasema: Fundi, punguza mikono.
Akanyamaza. Kisha: Na mifuko uizibe.
Yote?
Yote minne.

Nilicheka. Polisi asiye na mfuko
ni kuku asiye na mdomo, atadonoa nini?
Mshahara wenyewe siku zile ulikuwa uvumi,
unasikika umetoka Kinshasa, Bukavu haufiki.
Akasema: Ndiyo maana.

Nikashona. Uzi maradufu.

Nikamwona njia panda ya Nyawera, firimbi mdomoni,
dereva wa lori anamchomekea noti kifuani
bila kutazama, kwa mazoea,
noti inagonga mshono, inaanguka topeni.
Wanaiangalia wote wawili.
Hakuna anayeinama.
(Iliokotwa na muuza sambaza. Alininunulia chai.)

Khaki ikaondoka, ikaja bluu. Nyota zikaongezeka begani,
kila nyota nimeishika mimi kwa vidole hivi.
Usiku moto ulipokula mbao za Nyamugo
alipanda ngazi na Mama Nabintu mgongoni
na cherehani yangu kichwani.
Mimi niliokoa mkasi.
Asubuhi alileta shati limepasuka kwapani;
nikamwambia ni bure, akalipa, akadai chenji.

Jumamosi za salongo alikuwa wa kwanza mtaroni,
kabla ya vijana aliowatoa kasho kuja kuzibua,
maharagwe yao akala, koleo lao akashika.
Suruali ilinirudia nyekundu hadi magotini,
udongo wa Bukavu hautoki, unafifia tu,
kama deni la ndugu.

Sisemi alikuwa malaika.
Mwaka mmoja aliniletea koti limekosa kifungo.
Sikuuliza kimeangukia wapi, mji mzima ulijua:
sikio la kijana wa Ntakwinja, ndani ya kasho,
kofi moja, na tangu hapo upande ule hausikii.
Akaenda kwao, akaketi nje ya mlango siku tatu.
Hawakumfungulia.
Nao walikuwa na haki.

Na kuna hili, sijapata kumwambia mtu.
Binti yake Nshobole alivimba miguu, kisha uso,
hospitali ikaandika bei kwenye kipande cha karatasi.
Alikuja nimeshafunika cherehani, taa iko chini.
Akasema: Fungua mmoja. Wa ndani, kushoto.
Nilitumia wembe. Uzi wa miaka kumi na minne
ulikatika kwa sauti, au ni mimi niliyesikia.

Miezi miwili baadaye: Funga.
Uzi wa bluu ulikuwa umeisha, nikampa mweupe,
nikaahidi kuubadilisha Jumatatu.
Akasema: Acha hivyo hivyo. Niuone nikivaa.

Binti aliishi. Ana mapacha, Bagira,
wanapiga kelele hadi ng'ambo ya bonde.

Jana walimpa cheti na saa ya ukutani.
Akaja kwa miguu, bila dereva, saa kwapani,
kanzi mpya ya kitambaa cha kijivu mkononi.
Koti la raia, fundi.
Nikapima. Bega la kushoto limeshuka kidogo,
upande wa bunduki, au upande wa mshono mweupe.
Mifuko mingapi?
Akatazama mikono yake
kama vitu vya watu vilivyosahauliwa kituoni.
Miwili, akasema. Ya kutia mikono tu.
Asubuhi huku ziwani kuna baridi.